Kabla ya "wanajamvi" wa mtandaoni, mwana wa jamvi nilikuwa mimi, na lilikuwa tusi

Wakuu, assalaam alaykum, na wenye salamu nyengine pia nazituma.

Nitakayoyaandika hapa ni kweli tupu. Msidhani nimekuwa mcha Mungu ghafla. Bi Mwanaidi, mke wangu, amekaa kitanda cha pili na miwani yake, na kila nikimaliza aya anataka asomewe. Nikitia chumvi inatemwa hapo hapo.

Kilichonitoa ni hiki. Juzi kwenye uzi mmoja humu, kijana mmoja kaandika kwa kujiamini kwamba neno "wanajamvi" limezaliwa mtandaoni, limebuniwa na watu wa Dar, na kabla ya hapo hakuna mtu aliyewahi kuitwa hivyo.

Nikakomenti kwa adabu: mwanangu, neno hilo kwetu Pemba nililisikia kabla baba yako hajazaliwa.

Akanijibu: "Mzee, leta ushahidi au kaa kimya." Na mkampigia laiki, nawajua mliompigia.

Sasa mimi kukaa nyumbani ndiko ninakokujua. Kukaa kimya sijawahi kujifunza.

Ushahidi ni mimi. Huyu anayechapa kwa kidole kimoja. Sisemi mmeniibia, inawezekana nyinyi mmelitoa kwengine, maana jamvi kila mtu analikalia. Ninachokikataa ni kuambiwa halikuwepo. Lilikuwepo, lilikuwa na mwenyewe, na lilimuuma.

Naanza.

Nimezaliwa kijiji kimoja karibu na Gando, kule Wete. Wazazi walijikaza wakanipeleka Unguja kusoma sekondari, jambo ambalo zama zile lilikuwa kubwa. Kijiji kizima kilinisindikiza. Walitegemea nirudi karani mkubwa, mwenye suruali iliyopigwa pasi na sauti ya kukohoa kabla ya kusema.

Nilirudi na Kiingereza cha kutosha kusoma kibandiko cha chupa ya dawa, na hamu ya uji wa mama.

Nilipatiwa kazi ya ofisini Wete. Wiki haikwisha nikarejea nyumbani. Mama, Bi Time, akaniuliza nini kimenikuta. Nikamwambia kule wanafunga mlango mchana. Akanitazama sana, akanipa jembe.

(Siku hizi nasikia mnajiita maintrovati na mnaonewa huruma. Zama zetu ulikuwa unaitwa mvivu, unakula, unanyamaza.)

Jembe nililimudu. Kilichonishinda ni mkarafuu.

Kwa wasioujua: mkarafuu ni mti mrefu, na matawi yake ni mepesi kuvunjika kuliko ahadi ya mgombea. Mchumaji anapanda na kijiti chenye ncha ya kombo, ngowe, anavuta tawi, anachuma vichala. Wavulana wa kwetu wanapanda tangu wadogo. Mimi mkarafuu wa kwanza niliopanda niliukumbatia shina, nikafumba macho, nikaanza kusoma kila sura niliyoihifadhi. Walinishusha kwa ngazi na maneno matamu, kama paka.

Aliyenishusha ni Kombo. Mumtie akilini huyu. Alikuwa rika langu, mpandaji hodari kuliko wote pale kijijini, na kaka wa msichana niliyekuwa nimemposa. Msichana mwenyewe ni Mwanaidi, huyu huyu wa miwani.

Basi, kwa kuwa juu sikufaa, nikawekwa chini. Karafuu mbichi ikishachambuliwa, makonyo, vile vikonyo vyake, huku, karafuu huku, inatandazwa juani juu ya majamvi. Inataka jua la siku kadhaa, na inataka mtu. Wa kuigeuza, wa kufukuza kuku, wa kutazama mbingu. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na vikongwe.

Na mimi, msomi wa Unguja.

Siku ya kwanza tu Kombo anapita na ngowe yake begani, akaniona nimechutama na akina mama, nageuza karafuu kwa kiganja. Akasimama.

"Bi Time! Huyu mwanao au mwana wa jamvi?"

Wanawake wakacheka. Mama akacheka. Mimi pia nikacheka, kosa ambalo halisahihishiki, maana jina ukishalichekea umelipokea.

Hapo ndipo lilipozaliwa. Uwanjani kwetu, mbele ya kuku.

Wiki chache tu neno likawa limeota miguu. Mwanamume akichelewa kutoka nyumbani asubuhi, mwana wa jamvi. Golikipa akiganda golini mpira unapita, mwana wa jamvi. Kisha watu wakaona neno refu, wakalifupisha, mwanajamvi. Nimelisikia hadi sokoni Wete, linatumiwa na watu wasionijua. Nilisimama pale na kikapu changu, naona fahari na aibu kwa pamoja.

Sasa nije kwenye mambo yenyewe.

Kulikuwa na ada moja kwetu. Wa kwanza kuona wingu la mvua anapiga ukelele: "Anuaaa!" Ukisikia hivyo unakimbilia jamvi lililo karibu nawe. Huulizi la nani. Lako utalikuta limeanuliwa na mwengine. Watu waliokuwa hawasemezani kwa ugomvi wa mpaka wa shamba walianuliana karafuu, kisha wakaendelea kutosemezana.

Maana karafuu ikilowa kabla haijakauka inanywea, inapauka, inanuka uchachu. Mnunuzi akiitia kiganjani anaimwaga na kujifuta mkono. Ni mwaka mzima wa mtu unaofutwa pale.

Kisha ikaja siasa.

Ni miaka ile ya mwisho ya hamsini kuingia sitini, chaguzi zinakuja moja nyuma ya mwenzake. Vyama sitavitaja. Mwenye kujua anajua, na asiyejua hajapungukiwa kitu. Nitasema upande wetu na upande wa pili. Wetu, kwa sababu mama alikuwemo. Mimi nilihesabiwa tu, kama kuku wa nyumba.

Ilianzia madukani. Huyu hanunui kwa yule. Kisha wakagawana visima. Kisha wakagawana misiba, wakuu, maiti inapita njiani na watu wanatazama pembeni. Mimi niliyaona haya kwa macho yangu na hadi leo sijapata wa kunieleza.

Kiongozi wa upande wetu pale kijijini alikuwa Mzee Haji. Baba yake Kombo na Mwanaidi. Yaani mkwe wangu mtarajiwa. Harusi ilikuwa ifungwe baada ya mavuno.

Msimu wa karafuu ukafika, Mzee Haji akakaa barazani na wenzake, wakatoka na shauri: wao waanue zao, sisi zetu. Atakayevuka, hazikwi na sisi wala haoi kwetu.

Kombo akapita nyumba kwa nyumba kutangaza. Kwetu alipofika akanichekea. "Wewe hasa yakuhusu, mwana wa jamvi. Ndiyo kazi yako."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu sikudhani itanyesha.

Jirani yetu alikuwa Bi Riziki. Mjane, hana mtoto, ana ulimi. Nyumba yake na yetu zinatenganishwa na njia ya mguu, nyembamba kiasi kwamba kuku wetu walitagia kwake. Yeye alikuwa upande wa pili. Tangu mambo yaanze, yeye na mama walisalimiana kwa kukohoa.

Siku mvua ilipokuja Bi Riziki hakuwepo. Dada yake kafariki Wambaa, kapanda lori la abiria asubuhi kwenda kuzika, na karafuu yake yote imetandazwa uwanjani. Alimwachia mzee mmoja wa upande wao aitazame. Mzee baada ya adhuhuri akapitiwa na usingizi huko kwake, hata sijui kama alijua kulikuwa na mvua.

Wachumaji wote, wa kwao na wa kwetu, mashambani. Kijijini wamebaki wanawake, wazee, na mwana wa jamvi.

Wingu lilitokea nyuma ya minazi, jeusi, linakuja mbio. Nikapiga ukelele. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya kwa sauti maisha yangu yote.

"Anuaaa!"

Akina mama wakatoka wanafunga kanga zao vizuri. Tukakunja, tukaburura, tukaingiza. Majamvi yetu yakaisha. Upepo umeshabadilika, ule wenye harufu ya vumbi lililolowa.

Kisha sote tukasimama ukumbini kwetu, tunatazama uwanja wa Bi Riziki. Yale majamvi yametulia tu, karafuu imeshaanza kupata rangi yake nzuri ya kahawia.

"Faki," mama akasema, "usitazame kule."

"Sitazami."

"Unatazama."

"Mama, na wewe unatazama."

"Mie nnatazama kuku wangu."

Hakukuwa na kuku hata mmoja.

Hapo ndipo Kombo alipotokea, karudi mbio kutoka shambani kuhakikisha ya kwao yameanuliwa. Akanikuta nimeshafika ukingoni mwa njia. Nadhani miguu ilitangulia, mimi nilikuwa bado ukumbini nafikiri.

"Yakhe," akasema, na safari hii hakucheka, "ukivuka hiyo njia, kwetu usije tena. Na Mwanaidi msahau. Nasema kweli, Faki."

Nilijua anasema kweli. Mwanaidi nilikuwa nimemtaka tangu sijaenda Unguja. Barua zote nilizoandika kule kwa kusingizia namsalimia mama, nilikuwa nauliza habari za majirani.

Wakuu, ningependa niwaandikie kwamba nilimjibu Kombo neno zito la kukumbukwa. Sikumjibu. Nilivua kofia yangu ya viua, mpya, ile niliyoshonewa kwa ajili ya harusi na nikawa naivaa kila siku kwa kushindwa kusubiri. Nikampa.

"Nishikie."

Na akaishika, maskini, kwa kushtuka.

Nikavuka.

Sasa msidhani nilivuka kishujaa. Jamvi la karafuu ni zito, na namna ya kulianua inataka watu wawili, mmoja kila upande, mnakunja ncha nne karafuu ikusanyike katikati. Mimi peke yangu nikavuta ncha moja, nusu ya karafuu ikanimwagikia miguuni. Nikavuta ya pili, nikateleza, nikakaa. Matone ya kwanza yale makubwa yanapiga mgongoni. Nyuma yangu nasikia mtu anakuja anagombana peke yake.

"Shika ile ncha! Si hiyo! Umesoma sekondari hujui hata kukunja jamvi!"

Mama.

Alivuka huku anatukana. Alimtukana Bi Riziki kwa kwenda msibani, akaitukana mvua, akanitukana mimi, hakunyamaza mpaka jamvi la mwisho limeingia ukumbini kwa Bi Riziki. Kisha mvua ikashuka, tukakaa kule, kwenye nyumba ya upande wa pili, tunatweta.

Ng'ambo ya njia wanawake wanatutazama. Na Kombo, kalowa chapa, bado kashika kofia yangu.

Mama akasema pole pole, "Umeshapoteza mke."

Nikamwambia, "Na wewe umepoteza shoga zako."

"Shoga zangu n'liwachoka."

Hapa Bi Mwanaidi kanisimamisha. Anataka niandike kwamba yeye alikuwa dirishani kwao anaona kila kitu, na kwamba nilipoteleza alicheka. Nimeandika.

Lakini wakuu, kuanua ndiyo nusu iliyo nyepesi. Wengi wanaosikia kisa hiki wanadhani mambo yaliisha na mvua.

Karafuu isiyokauka ukiirundika ndani inatoa jasho. Inapata joto, inaoza, na kazi yote ya kuianua imekuwa bure. Asubuhi jua likitoka lazima itandazwe tena. Na Bi Riziki yuko Wambaa kwenye msiba, harudi mpaka matanga yaishe.

Kwa mvua mtu anaweza kusema alishtuka. Kelele, upepo, wingu, nilijikuta nimevuka. Mzee Haji mwenyewe alimtuma mtu jioni ile, kwa upole kabisa, kuniambia kwamba mambo ya haraka yanasameheka, nikae kwetu tu tusahau.

Asubuhi, mbingu nyeupe, jua zuri, watu wanapita na ngowe zao kwenda mashambani. Asubuhi kama ile huwezi kusema umeshtuka.

Nikanywa uji. Nikavuka njia mchana kweupe, mbele ya kila mtu, nikatoa majamvi ya Bi Riziki moja moja, nikayatandika. Nikachutama. Nikaanza kuisambaza karafuu kwa kiganja, pole pole, kama mtu aliye kwake.

Wapandaji wakasimama. Wakaanza kuimba, Kombo anaongoza, "Mwanajamvi kalale na jamvi lako." Wimbo wenyewe ulikuwa mbaya hata kwa sauti. Niligeuza karafuu kwa kuufuata.

Nilifanya hivyo kila siku mpaka Bi Riziki akarudi.

Jioni ya siku ile ya kwanza Kombo alikuja kwetu. Hakuingia. Alisimama nje akasema maneno aliyotumwa: baba kasema uchumba umekwisha, na binti yetu hatumpi mwanajamvi. Mama akamjibu kwamba ujumbe umefika. Kisha Kombo akaondoka, na ile kofia akaondoka nayo. Hilo liliniuma peke yake.

Bi Riziki aliporudi mlidhani kanikumbatia? Kashuka kwenye lori na buibui la msiba, kafika uwanjani, kainama, kachota karafuu mkononi, kanusa.

"Nani kaianika hivi? Huku imerundikana, huku chache! Kama imemwagwa na mbuzi!"

"Mimi, Bi Riziki."

"Nshajua ni wewe. Nshahadithiwa tangu Wete." Akaketi pale pale juu ya jamvi. Akalia, nadhani kwa dada yake. Kisha akajifuta akasema, "Kesho njoo, n'kufundishe."

Na nikaenda. Tangu hapo nageuza karafuu kama fundi.

Kwa hiyo kwa upande wetu neno likapata maana mpya. Mwanajamvi sasa si mvivu tena, ni msaliti. Ukimwambia mtu "una ujamvi wewe" ni sawa na kumwambia hana msimamo, anakula huku analala kule.

Upande wa pili nao wakaja. Wazee wao watatu wanne, na tabasamu, na halua. Wakasema wameona ubinadamu wangu, nafasi yangu iko kwao, wataniozesha wao. Nikawashukuru kwa halua. Nikawaambia mimi sikuvuka kwenda kwao, nilivuka kwenda kwenye karafuu.

Wakanyanyuka. Mmoja njiani akasema, kwa sauti ya nisikie: "Huyu si mwana wa jamvi. Huyu jamvi la wageni."

Basi nikawa natukanwa na pande mbili kwa neno moja. Katika kisiwa kile, miaka ile, nadhani ndilo jambo pekee waliloafikiana.

Mnaniuliza kwa nini sikubadilika? Ningekwenda wapi? Mtu wa kutembea anaudhiwa huku anahamia kule. Mimi mtu wa nyumbani, uwanja wangu ndio huo huo, na ukinitukana kesho utanikuta pale pale, nimechutama. Nikaanza kuliitikia. Mtu akisema "mwanajamvi!" nasema "labeka!" Inawachosha sana watu.

Miezi ikapita. Mzee Haji akampatia Mwanaidi mchumba mwengine, kijana mzuri wa upande wetu, mpandaji. Sina baya la kusema juu yake ila hilo la kuwa mzuri.

Siku ya kuozesha ikafika. Sasa, kwa wasiojua ada: Shehe anakwenda na mashahidi mpaka mlangoni kwa binti, binti yuko nyuma ya pazia, anaulizwa kama ameridhia. Mwanamwari hajibu. Akinyamaza ndiyo ameridhia. Wengi wanainamisha kichwa, wengine wanalia, na huko nje wapishi wameshaanza kupakua.

Shehe akauliza mara ya kwanza. Kimya. Watu wakaanza kutabasamu.

Bi Mwanaidi anasema alikuwa anavuta pumzi tu.

"Shehe," akasema nyuma ya pazia, "mie huyo simtaki."

Mama yangu hakuwepo, hakualikwa, lakini alikuwa akisimulia kana kwamba alikuwa amekaa juu ya pazia lenyewe. Alisema sufuria zilinyamaza.

Baba yake: "Unasema nini wee?"

"Nimeshaposwa, baba. Namtaka yule mwanajamvi."

"Namna gani? Unajua unalolisema?"

"Nnajua. Kila mtu hapa mumewe anajua kupanda. Mie nataka ambaye mvua ikinyesha yupo."

Shehe alikuwa mtu wa haki. Akafunga kitabu chake, akamwambia Mzee Haji kwamba binti akisema hataki, yeye hana ndoa ya kufunga. Akavaa viatu.

Wakuu, hapo ndipo neno lilipopinduka. Pale mlangoni, kwa msichana aliyetakiwa anyamaze. Wanaume walilitia matusi, walilitia siasa, na yeye kalichukua hivyo hivyo na uchafu wake wote, akaliweka mbele ya mashahidi, akasema ndilo nilitakalo.

Kuanzia wiki ile wanawake wa kwetu, wa pande zote mbili, wakaanza kulitumia kivyao. "Wangu mimi si mwanajamvi, angekuwa mwanajamvi ningeshiba." Nilisikia kisimani, kimoja katika vile walivyogawana, wanawake wa huku na wa kule wanacheka pamoja. Waume wakaanza kurudi nyumbani mapema kidogo. Sijisifu, natoa taarifa.

Mzee Haji alinuna karibu mwaka. Mwisho akasema mchukueni, muanikane wenyewe, na mimi sitafika.

Harusi yetu ilikuwa ndogo. Upande wetu hawakuja kwa sababu ya Mzee Haji, upande wa pili hawakuja kwa sababu ya halua. Majamvi ya kukalia wageni hakuna wa kutuazima. Bi Riziki akatoa yake, yale yale ya karafuu, akayatandika uwanjani kwake. Shehe akakaa, mama na ndugu wachache, mafundi wawili waliopita na njia. Harusi nzima inanuka karafuu.

Wengine walikuja kutazama tu. Walisimama ng'ambo ya njia, wa upande wetu huku, wa upande wa pili kule, wamekunja mikono. Nilifurahi, watazamaji walikuwa wengi kuliko wageni.

Na Kombo akaja. Kasimama ukingoni pale pale nilipompa kofia, na kofia yenyewe mkononi.

"Sikuja harusini," akasema kwa sauti. "Nimekuja kurudisha mali ya mtu."

"Basi ilete," nikasema.

"Njoo uichukue."

Bwana harusi anavukaje njia kufuata kofia? Tukabaki tunatazamana. Wali unapoa.

Na ndipo tone likaangukia sahani ya Shehe.

Nani alipiga ukelele, kuna ubishi. Mimi nasema ni Kombo. Bi Mwanaidi anasema ni Kombo. Kombo mwenyewe alikataa mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu. Lakini nilimwona mdomo.

"Anuaaa!"

Wakuu, miguu ya watu wa kule haikuzaliwa na chama. Wale waliokunja mikono waliikunjua. Wakaja mbio, wa huku na wa kule, kila mtu kashika ncha iliyo karibu naye, sahani zinanyanyuliwa, wali unabebwa juu ya vichwa. Shehe kanyanyuliwa nusu na jamvi lake. Sote tukajikuta ukumbini kwa Bi Riziki, tumebanana, tumelowa, tunatweta, na kati ya wale walioshika jamvi la mwisho, ncha moja ni Bi Riziki, na ncha ya pili ni Kombo.

Bi Riziki akamtazama.

"Kombo we," akasema, kwa utamu, kila mtu anasikia. "Umeshavuka njia."

Kombo akatazama miguu yake.

"Shika ncha yako, bibi," akasema. "Usije ukaniangushia wali."

Kofia alinivalisha yeye mwenyewe. Ilikuwa imebana, nywele zilikuwa zimeota.

Sitawadanganya kwamba siasa iliisha pale. Haikuisha, ilikuja ngumu zaidi, na wengi katika waliokula wali ule hawakubaki. Lakini majamvi, wakuu, kwetu hayakuachwa yakalowa tena. Hakuna aliyetangaza. Watu waliendelea kununiana madukani na wingu likitokea wanakimbia. Na aliyekimbia wa kwanza aliitwa kwa jina langu, na hakukasirika.

Kwa hiyo wewe kijana uliyeniambia nilete ushahidi: ndio huo, una miwani, na anasema umwamkie.

Na nyinyi wengine mnaoitana wanajamvi humu kila asubuhi, nimefurahi neno limefika mbali, nalipa bando kulisoma. Lakini lina kazi yake. Humu nimeona mtu kaleta shida ya kweli, mtoto wake mgonjwa, na komenti ya kwanza anaulizwa wewe chama gani. Huyo aliyeuliza asijiite kwa jina langu. Atafute lake.

Nilichojifunza ni kimoja na sijakibadilisha: ukipewa jina baya usilirudishe, likalie mpaka wenyewe walitamani. Na wingu likionekana, anza na jamvi lililo karibu.

Mlio wa Gando, Wete, hata Kengeja mliosikia wazee wenu wakilitamka kwa maana nyengine, tupieni hapa chini. Wa kubisha nao karibuni sana. Siendi popote, mnajua.

Bi Mwanaidi anasema nimesahau kuandika kwamba lile jamvi nililikunja vibaya. Nimeandika.